Leni ya Kinyozi

Kijiwe chetu kimeegemea ukuta wa studio ya picha iliyofungwa, hatua thelathini kabla hujaingia kwenye mzunguko wa barabara nne. Kuna benchi moja lenye tofali badala ya mguu wa nne, ndoo iliyopinduliwa, na kreti ambalo Dada Chupa hupangia vikombe vyake vya kahawa. Mbele yetu inapita Barabara ya Shule. Ukiifuata kuelekea mzunguko, kwenye kona ya kushoto kuna kinyozi mwenye ukuta wa bluu, kwenye kona ya kulia kuna benki. Njia ya kwanza inakwenda sokoni, ya pili inanyoosha hadi hospitali, ya tatu inakwenda kiwandani. Hiyo ndiyo dunia yetu kila siku ya Mungu. Wenye kazi wanazunguka, sisi tunawatazama wakizunguka. Mimi wananiita Digrii. Si sifa. Ni kama kumwita mwenye kipara Nywele.

Alhamisi hiyo tulikuwa tunamsubiri Randa apite.

Randa ni seremala. Karakana aliyofanyia kazi ilifungwa mwaka jana, mashine zikapakiwa kwenye lori, mafundi wakaambiwa wachukue aproni zao waende. Sasa shule ya msingi iliyo huku chini kwenye barabara hii inatafuta dereva wa basi dogo la wanafunzi. Leseni anayo, ya tangu enzi za kubeba mbao kwa pikapu, kwenye barabara iliyonyooka kama rula. Mwezi uliopita shule ilimpa jaribio la kwanza, msimamizi wa magari kakaa pembeni yake. Wakaingia mzunguko huu huu. Msimamizi akasema, "Kushoto." Randa akibanwa, kushoto na kulia vinamgeuka, ndivyo alivyo. Akazunguka mara nne mbele ya macho yetu kama nzi ndani ya glasi, hajui pa kutokea. Wakampa nafasi ya pili, wakamwambia ya tatu haipo. Hiyo ya pili ilikuwa Alhamisi hiyo, saa tatu asubuhi.

Pancha: Saa ngapi sasa?

Redio: Ni saa mbili na dakika thelathini na nane, kwa mujibu wa idhaa yetu.

Pancha: Nimekuuliza saa, sijakuuliza idhaa.

Pancha anaziba matairi pale pale kando ya benchi, na kila binadamu anamhukumu kwa tairi zake. Redio alikuwa mlinzi wa usiku miaka ishirini na sita. Amestaafu, lakini waya wa redio haujatoka sikioni. Wa tatu ni Kondakta. Huyo alining'inia mlangoni mwa basi miaka kumi na tisa, upande wa usukani hajawahi kuukalia hata kwa bahati mbaya, na ndiye mwalimu wetu mkuu wa udereva.

Kondakta: Atapita yule. Mwanafunzi wangu.

Mimi: Wako tangu lini? Formula ya nani?

Kondakta: Formula yako, uzoefu wangu. Wewe Digrii umeendesha nini maisha yako yote? Kiti cha maktaba.

Mimi: Na wewe umeendesha nini? Mlango.

Dada Chupa alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kreti.

Formula ilikuwa yangu, sikatai. Wiki mbili tulimfundisha Randa hapa hapa, kwa vikombe, mzunguko ukiwa kifuniko cha sufuria. Kila tukisema kushoto, anapeleka kikombe kulia, jasho linamtoka. Ndipo mimi, Bachelor of Arts with honours, nikasema tuache hayo maneno kabisa. Reduce the cognitive load, nikawaambia, na kwa kuwa hakuna aliyeelewa, wote wakakubali. Kila barabara inaingia mzunguko kwa leni mbili, mistari miwili ya magari: ya kushoto tukaiita leni ya kinyozi. Ya kulia tukaiita leni ya benki. Unatoka njia ya kwanza au unanyoosha ya pili: leni ya kinyozi. Unakwenda mbali, njia ya tatu, au unarudi ulikotoka: leni ya benki. Basi. Nikamchorea juu ya bahasha ya kaki niliyokuwa nabebea vyeti. Randa akaikariri kama sala. Ungemwamsha usingizini ukasema "njia ya kwanza", angejibu "kinyozi" na kugeukia upande wa pili.

Kondakta: Jana nimemsaili mara kumi. Kumi kwa kumi.

Dada Chupa: Mungu amsaidie. Wale watoto wake wamekaa kwa bibi yao mwaka mzima sasa. Mke wake kila akipita hapa ananiambia, Dada, nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia saa ya ukutani ya jirani.

Redio: Akipata hii, watoto wanarudi. Mtoto wa mfanyakazi anasoma bure pale. Imethibitishwa.

Dada Chupa: Wameshaambiwa wafunge mabegi. Jumamosi wanafuatwa.

Pancha: Nani kawaambia kabla ya jaribio?

Dada Chupa: Baba yao. Ana imani na nyinyi.

Hapo kila mtu akapata kikombe chake cha kutazama ndani.

Gari jeupe likatokea leni ya benki, likakata mbele ya pikipiki, likaingia sokoni. Mwenye pikipiki akapiga breki akatukana ukoo mzima.

Pancha: Mmeliona? Lile tairi zake za kushoto zimekwisha. Kwenye mzunguko gari linalalia kushoto. Mwenye tairi mbovu anakimbilia ndani, duara la ndani ni fupi, anaokoa mpira. Msimlaumu dereva. Leni inachaguliwa na tairi.

Kondakta: Acha hizo. Leni inachaguliwa na honi. Miaka kumi na tisa, basi letu lilishika leni liliyotaka. Unapiga honi ndefu, unatazama mbele, humtazami mtu. Ukimtazama tu, umeshampa njia. Barabarani hakuna leni, kuna woga.

Dada Chupa: Yule nesi aliyegongwa pale mwezi wa pili, gari lililomgonga halikuwa na honi?

Kondakta: Lilikuwa nayo.

Dada Chupa: Ikafanya nini?

Kondakta akachezea sikio la kikombe. Viatu vyake yule nesi vilikaa pembezoni mwa mzunguko siku mbili, vyeupe, hakuna aliyethubutu kuvigusa.

Redio: Wasikilizaji, tatizo si leni wala honi. Tatizo ni damu. Nilisikia kipindi cha afya. Mtu akizunguka sana, damu inahamia upande mmoja wa kichwa. Ndiyo maana madereva wa wakubwa husahau hata kusalimia. Tangu lini mkubwa akatusalimia?

Mimi: Mkubwa hazunguki, Redio. Anazungushwa.

Redio: Basi damu ya dereva inamhamia na yeye.

Pancha: Kupitia wapi, kiti?

Redio: Kiti ni cha ngozi, Pancha. Ngozi inapitisha.

Kondakta: Na mimi niwaambie lingine. Huu mzunguko umejengwa kichwa chini miguu juu. Fundi mmoja wa mzungukoni alipanda basi letu, akaniambia mchoro uliletwa umekunjwa, wakaukunjua vibaya. Hospitali ilitakiwa iwe hapa tulipo, sisi tuwe kule.

Pancha: Sasa sisi tungekaa hospitali tunafanya nini?

Mimi: Tunachofanya hapa. Kusubiri.

Nilichoka kuwasikiliza. Mtu ukikaa na wajinga kwa muda mrefu unaanza kuwapangia hoja zao vizuri, nikaona bora niseme ya kwangu.

Mimi: Nyinyi wote mnakosea. Leni ya ndani ni ya wenye wajomba maofisini. Wanaingia, wanakata, wanatoka wanapotaka, tena bila indiketa, bila taa ya kuonyesha wanakokata. Sisi wengine tumewekwa leni ya nje. Sheria inasema nini? Toa njia kwa anayetoka kulia. Sawa, nimetoa. Miaka minne natoa njia, wanaotoka kulia hawaishi! Naomba kazi, najibiwa: Dear Applicant, we regret to inform you. Dear Applicant, the position has been filled. Hata hii kazi ya Randa niliiomba.

Dada Chupa: Wewe?

Mimi: Mimi. Wakaniambia niko overqualified, kisomo kimezidi kazi.

Pancha: Lakini wewe huna leseni.

Mimi: Huko hata hatukufika.

Walicheka, mimi nikacheka nao, kwa uchungu wa mtu anayejikuna kidonda. Ukweli ni kwamba Randa alipoitwa nilikasirika siku nzima. Kesho yake nikamchorea ile bahasha. Nilitaka angalau mmoja wetu atoke hapa kwa kitu kilichotoka kichwani mwangu.

Dakika chache kabla ya saa tatu akaja mke wa Randa. Anasafisha ofisi asubuhi na mapema, kwa hiyo alikuwa bado na kitambaa chake kichwani na mikono inanuka sabuni ya sakafu. Hakuwahi kusimama kijiweni kwetu zaidi ya salamu.

— Hamjambo shemeji zangu.

— Hatujambo shemeji, karibu ukae. Pancha, mpishe ndoo.

— Sikai. Nimeomba ruhusa nimwone akipita, halafu nirudi kazini. Hajanywa hata chai. Usiku kucha anasema kinyozi, benki, kinyozi, benki. Nikamwambia mume wangu, lala, umeshajua.

— Amejua kweli, shemeji, akasema Kondakta. Kaa hapa hapa, atatokea kule chini shuleni, utamwona anavyoingia kama maji.

— Shuleni? Hatokei shuleni.

— Anatokea wapi?

— Basi lilikuwa gereji, kule nyuma ya hospitali. Wamemwambia akutane na msimamizi huko huko, waanzie huko. Halafu amwendeshe mpaka kiwandani, ndipo warudi shule.

Kondakta akasema aa, sawa, barabara ni barabara. Redio akasema taarifa imepokelewa. Mimi nikaanza kuhesabu kona kichwani, nikaacha katikati.

Shemeji akafungua mkoba, akatoa bahasha yangu ya kaki, imekunjwa mara nne, kingo zimelainika kwa vidole vya Randa. Randa alikuwa amemwachia, maana haruhusiwi kuingia na karatasi. Akavisogeza vikombe pembeni, akaitandaza juu ya kreti. Halafu akaigeuza. Taratibu tu, kama mtu anayegeuza sahani ya mtoto. Hospitali ikawa upande wa tumbo lake, shule ikawa mbali.

— Mimi sijui kuendesha, mtanisamehe. Nauliza tu. Akitokea huku, leni ya kinyozi ni ipi?

Tuliinama wote juu ya kreti. Kondakta akachukua kikombe, akakiweka penye hospitali, akakisukuma kuelekea mzunguko. Kinyozi alikuwa mkono wa kulia. Akakirudisha, akakisukuma tena polepole, kana kwamba kinyozi angeona aibu ahame. Njia ya kwanza ukitokea hospitali ni kiwandani, mkono wa kushoto. Na sisi tulimwambia njia ya kwanza, kinyozi.

Pancha: Digrii.

Mimi: Naona.

Pancha: Digrii, huyu mtu ataingia leni ya kulia halafu akunje kushoto.

Mimi: Nimesema naona!

Redio akauchomoa waya sikioni. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. Sikio lilikuwa na alama nyekundu ya duara. Kondakta bado alikuwa ameshika kikombe.

— Shemeji zangu, mbona hamnijibu?

Nikatoa simu, nikampigia Randa. Ikaita. Ikaita ndani ya mkoba wa mke wake, ule mlio wa kinanda aliowekewa na wanawe. Akaitoa akaitazama, jina langu liko kwenye kioo.

— Aliniachia na simu, akasema. Hawataki simu wakati wa jaribio.

Pancha akaanza kukimbia. Mzee wa miaka hamsini na kitu, na aproni yake ya mpira, akavuka Barabara ya Shule bila kutazama, akafika penye ukingo wa mzunguko, na hapo magari yakamzuia. Mzunguko hauna kivuko. Akabaki pale anapunga mikono kuelekea hospitali, kama mtu anayefukuza ndege shambani. Mimi nilikuwa nimesimama tu.

Basi dogo la njano likatokea.

Likaja vizuri, niseme ukweli. Mwendo wa adabu, mkanda amefunga, mikono miwili kwenye usukani. Likasimama kabla ya mstari kutoa njia, kama inavyotakiwa. Kwa mbali niliona kichwa cha Randa kikiinuka, kikitafuta. Kikatafuta tena. Kikauona ukuta wa bluu ng'ambo ya mzunguko, na nikaona mabega yake yakitulia, kama ya mtu aliyepata alichokitafuta. Akawasha indiketa ya kushoto. Akashika leni ya kulia. Kushoto kwake, sambamba naye, kulikuwa na lori la saruji linalonyoosha kuja kwetu.

— Nje! Kondakta akapiga kelele. Shika ya nje!

— Kushoto! nikapiga na mimi.

Shemeji alibaki penye kreti. Alikuwa ameweka mkono juu ya bahasha, kana kwamba upepo ungeichukua.

Randa akakunja. Lori likalia honi na breki pamoja, tairi zikafoka moshi, pua ya lori ikasimama umbali wa kiganja kutoka kwenye ubavu wa nyuma wa basi. Hakuna aliyeguswa. Mifuko miwili ya saruji ikaanguka ikapasuka, vumbi la kijivu likapanda, na kwa muda hatukuona kitu.

Vumbi liliposhuka, mlango wa abiria ulikuwa wazi. Msimamizi, mtu mfupi mwenye shati jeupe, akazunguka mbele ya basi bila haraka, magari yote ya mji yanamlilia honi, akaenda kusimama upande wa dereva. Hakumfokea Randa. Bora angemfokea. Alifungua tu mlango, akasubiri. Randa akashuka, akapita mbele ya basi, akaingia upande mwingine, akafunga mkanda. Msimamizi akashika usukani, akamaliza mzunguko, akashuka na Barabara ya Shule, akapita mbele yetu. Kiwandani hawakwenda tena.

Dereva wa lori aliokota mifuko yake iliyopasuka, akitukana hewa.

Pancha alirudi akakaa juu ya tairi, anahema. Shemeji alibaki amesimama. Baada ya robo saa Randa akaja kwa miguu kutoka chini shuleni, shati lake la mistari bado limechomekewa, kola imepigwa pasi. Alipomwona mke wake alisita, halafu akaja moja kwa moja.

— Nisameheni sana, ndugu zangu, akasema.

Kondakta: Hapana, Randa, usi...

— Acha niseme. Mmeacha kazi zenu wiki mbili mnanifundisha, na leo nimewaaibisha mbele za watu. Nilishika leni ya kinyozi, Mungu ni shahidi. Njia ya kwanza, kinyozi. Niliitafuta mpaka nikaiona. Lakini kuna mahali nilikosea.

Alituangalia mmoja mmoja. Redio alikuwa anazungusha waya kidoleni. Kondakta alitazama mlango wa studio uliofungwa. Shemeji alinitazama mimi.

— Kahawa imekwisha, akasema Dada Chupa kwa ghafla, akaanza kukusanya vikombe. Chupa ya kahawa ilikuwa bado nzito mkononi mwake. Nilimwona anavyoinyanyua kwa mikono miwili.

Lakini Randa hakuwa amekuja kunywa. Akachuchumaa mbele ya kreti, akaivuta bahasha, akaigeuza ikae alivyoizoea, shule karibu, hospitali mbali. Akaweka kidole.

— Digrii, wewe umesoma. Hebu nionyeshe. Nilikosea wapi?

Asubuhi nzima nilikuwa na maneno. Nilikuwa na ya wajomba, ya maofisi, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Nilitazama kidole chake, kile chenye kovu la msumeno, kimesimama juu ya mstari nilioupiga kwa mkono wangu.

— Indiketa, nikamwambia. Ulichelewa kidogo kuwasha indiketa.

Akakubali kwa kichwa, akainuka, akanishukuru. Mke wake alikuwa ameshageuka, anatembea mbele peke yake. Randa akamfuata, na mpaka wanapita kona nilikuwa bado namsikia akijikumbusha kwa sauti ya chini, kama mtu anayekariri somo jipya:

— Kinyozi, halafu indiketa. Kinyozi, halafu indiketa.